Nafasi ya Unywele

Bushi, ile pete ya shaba inayobeba shafti ya mashine ya kusaga, ilikuwa imeungua hadi ikabadilika rangi, shaba yake imeganda kwenye shafti kama ukoko kwenye sufuria. Shemeji aliitua juu ya meza ya karakana, akajifuta mikono kwenye suruali, bila utani. Hilo lilimuuma mkerezaji kuliko tusi, maana shemeji huyu, kaka wa mkewe, hakuwahi kukosa neno la utani tangu siku ya posa.

"Oili yenu chafu," mkerezaji akasema.

"Oili mpya, shemeji, nimeifungua mwenyewe. Hata gunia moja halikuisha, mashine ikakaza, ikazima. Na hii ni ya tatu." Shemeji akashusha pumzi. "Watu wameanza kupeleka nafaka zao kwingine. Kama nisingekuwa nimekupa dada yangu, ningeshakuhama."

Alijaribu kucheka, kicheko kikamkatalia.

Mtaa mzima ulimwita mkerezaji Unywele. Kila aliyesimama kwenye mashine yake ya kukerezea alimsikia akihubiri kwamba kati ya bushi na shafti lazima ibaki nafasi ya unywele. Ukibana, oili haina pa kupita, chuma kinasuguana na shaba na moto unamaliza kazi. Ukilegeza, oili inakimbia na shafti inagonga hadi inajiua. Ukipatia, shafti inaelea juu ya oili, haigusi kitu, inazunguka hadi wewe unazeeka. Kipimo alikuwa nacho, ila neno la mwisho lilikuwa la mkono. Kila mara aliibana bushi kwenye jiliwa, akaingiza shafti, akaitikisa ncha yake taratibu, na mkono ukamwambia kama imebana au imelegea. Siku hizi kipimo kilisema hivi na mkono ukasema vile, naye akauamini mkono, kwa kuwa haukuwahi kumwangusha.

"Kaa," akamwambia shemeji. "Nakukerezea nyingine sasa hivi."

Mkewe aliingia na chai. Mkerezaji akachungulia kikombe. "Nusu tena? Mke wangu, majani yameadimika?"

"Kunywa, nitaongeza," mkewe akajibu, kama alivyojibu kila siku.

Mashine ikaunguruma, vinyweleo vya shaba vikamwagika sakafuni. Alipomaliza, aliibana bushi, akaingiza shafti nyingine na kuitikisa. Ilicheza. Akasonya, akaitupa kwenye debe la chakavu na kunyoosha mkono kuchukua kipande kingine cha shaba.

Shemeji akainuka. "Mbona unaitupa?"

"Imelegea."

Shemeji aliitoa debeni, akaibana mwenyewe, akaitikisa shafti. "Inateleza vizuri. Haichezi."

"Wewe ni msagaji, huna mkono wa fundi. Hebu lete." Akaishika shafti. "Hii hapa! Inagonga kabisa. Au masikio nayo huna?"

Mkewe aliweka kikombe chini. Alimsogelea, akakizunguka kifundo cha mkono wake kwa kiganja chake, akakikaza. Shafti ikatulia. Akaachia. Ikaanza tena, tiki tiki tiki, ndogo na ya haraka, wakaisikia wote watatu.

Mkerezaji alitazama mkono wake kama mkono wa mtu mwingine. "Umejua tangu lini? Na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

Mkewe alitazama kile kikombe cha nusu, na mkerezaji akaelewa kwa nini hakukijaza. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

Shemeji alikuwa amepiga magoti kando ya debe, akitoa bushi moja baada ya nyingine na kuzijaribu kwenye shafti. "Shemeji, hizi zote..." Zilikuwa nzima. Mbovu zilikuwa zile mkerezaji alizozisifu na kumkabidhi shemeji, zilizobana mno hata shafti ikauzuia mkono wake usitetemeke.

"Hospitali zipo," shemeji akasema.

"Baba yangu alianza hivihivi. Vifungo vya shati vilimshinda kwanza. Hospitali alikwenda. Mwishowe tulikuwa tunamlisha," mkerezaji akasema.

Shemeji aliondoka na bushi ya debeni pamoja na shafti, asitanie. Mkerezaji akakaa kwenye kigoda chake, uso umeelekea ng'ambo ya barabara, kwenye banda la shemeji, na mkewe akakaa karibu naye. Baada ya muda mashine ya kusaga ikawaka. Alitega sikio akisubiri ikaze, na alijikuta anaomba ikaze, iungue, ili mkono wake uwe umesema kweli. Gunia la kwanza likapita. Mashine ilizunguka kwa sauti laini, haikuugua hata kidogo.

"Jaza," akamwambia mkewe.

"Baba watoto..."

"Jaza, mama. Hadi juu."

Mkewe akajaza. Mkerezaji alikishika kikombe kwa mikono miwili, na chai ya moto ikamwagikia vidoleni, ikateremka hadi viwikoni. Hakukiweka chini. Alikifikisha mdomoni, akanywa iliyobaki.