Boti Isiyo na Gia

Kwanza kabisa, mtu asinipe pole. Pole nimeshazichoka. Wanakuja hapa bandani, wanaangalia mikono yangu yenye grisi, wanashusha pumzi, "Pole dada fundi, ilikuwa ajali tu." Ajali gani? Ile injini niliifunga mimi. Kila bolti, kila waya. Kama huna la kusema kaa kimya, nina kazi.

Mdogo wangu alikuwa seremala. Mtaa mzima walimwita Randa, maana hakuwa akienda popote bila randa yake, na nywele zake zilijaa unga wa mbao hata siku ya harusi ya watu. Mimi waliniita Pilipili, na sababu wala msiulize. Mama yetu alipofariki, Randa alikuwa na miaka minane na mimi kumi na tisa. Nikamlea kwa injini za boti za watu na kwa makelele. Asubuhi nilimpigia kelele avae viatu, mchana ale, jioni aoge. Yeye alikuwa ananisikiliza mpaka mwisho, anatabasamu, halafu anasema, "Umemaliza, dada?" Hapo nguvu zote zinaniishia.

Alipokua tukashirikiana banda hili kando ya ziwa. Kushoto mbao zake, kulia injini zangu, katikati mstari wa chaki niliouchora mwenyewe, kwa sababu unga wa mbao na kabureta havipatani hata kidogo. Kila siku aliuvuka kuja kuazima bisibisi, na kila siku nilimfokea.

Halafu akapenda. Akampenda muuguzi wa zahanati ya ng'ambo. Haya, apende, ni mwanamume mzima. Lakini boti ya abiria inachukua saa mbili na nusu kuvuka, tena ni mara moja tu kwa siku, na muuguzi hawezi kuwaacha wagonjwa wake. Basi siku moja, huku anakunja futi yake, Randa akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, tukioana itabidi nihamie kule."

Sikumfokea. Mimi, Pilipili! Nikachukua spana nikaanza kufungua injini ambayo haikuwa na ubovu wowote.

Wazo lilikuwa lake. "Au nijenge boti ya kasi," alisema baada ya siku mbili. "Dakika ishirini na tano nimeshavuka. Asubuhi nakuja kazini, jioni narudi kwa mke wangu. Mbao ninazo. Sina injini tu."

"Injini niachie mimi," nikamwambia. Ningempa hata moyo wangu uzungushe propela, ilimradi asihame.

Nikapata injini ya pikipiki ya maji, zile wanazokodisha mahotelini kwa watu wanaopenda kupiga mayowe. Bodi yake ilikuwa imepasuka vibaya, lakini injini safi kabisa, silinda tatu, nyepesi, ina nguvu za ajabu. Tatizo ni kwamba pikipiki ya maji haina propela ya nje. Inanyonya maji tumboni na kuyatema kwa nyuma. Na haina gia. Ukiiwasha inasukuma, ukiizima inaacha, hakuna katikati. Nikakereza kiungio cha chuma, nikatia shafti ndefu ipite chini ya boti, na pampu ndogo ya maji ya kupoza. Randa akajenga kitanda cha injini kwa mbao ngumu, akapima mara tano kabla ya kukata.

"Wewe unapima mpaka ubao unaona haya," nikamwambia.

"Na wewe hupimi mpaka ubao unalia," akajibu. Tulifurahi sana miezi ile mitatu. Sijui kama tuliwahi kufurahi hivyo.

Kitu kimoja hakikuja na injini ile. Mwendeshaji wa pikipiki ya maji huvaa kamba mkononi, na ncha ya pili ina kibanio kinachokaa kwenye swichi. Akianguka, kibanio kinachomoka na injini inazimika papo hapo. Kibanio kisipokuwepo, haiwaki kabisa. Ya kwetu ilikuwa imeshapotea. Nikazichukua zile nyaya mbili za swichi, nikaziunganisha, nikazizungushia utepe. Injini ikawaka. Mungu anisamehe, nilicheza pale pale.

Siku ya kwanza ya majaribio niliaibika. Injini ile huzunguka kinyume na zote nilizozizoea, nami nikaifungia propela ya kawaida. Watu wamejaa gatini, Randa akawasha, boti ikaondoka kinyumenyume na kuingia kwenye matete, makalio mbele. Jamani! Watu walivunjika mbavu. Muuza vocha akaniuliza kama ng'ambo imehamia upande huu. Randa mwenyewe alishuka botini, akacheka mpaka akakaa chini majini. Mimi sikucheka. Wiki nzima nikipita dukani, kuna mtu ananiona na kuanza kutembea kinyumenyume. Nikatafuta propela ya kuzungukia kushoto, nikaapa kwamba safari hii hakuna mtu wa kunifundisha kazi.

Ndiyo maana aliponiuliza nilimjibu vile.

"Dada, ile kamba ya kuzimia injini?"

"Ya nini?"

"Labda nikianguka."

"Uanguke, kwani wewe gunia? Shika usukani. Na nyaya zangu usiziguse! Siku nikitaka ushauri wa seremala nitakuuliza mlango unafungwaje."

"Umemaliza, dada?"

Nikamrushia tambara. Akalidaka, akafutia mikono, akarudi upande wake wa mstari. Hakuuliza tena.

Jumamosi asubuhi ziwa lilikuwa limetulia kabisa. Alitaka afanye mzunguko mmoja, kisha aende kuipokea boti ya abiria, kwa sababu mchumba wake alikuwa anakuja nayo. Akawasha. Boti ikachomoka gatini, pua juu. Nikaanza kuwapigia kelele watu wote waliokuwepo, "Mbele! Mnaona? Inaenda mbele!" Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta. Nilijua mdogo wangu amebaki.

Boti ya abiria ilikuwa inaingia, na nyuma yake kuna mawimbi. Randa akageuka kunipungia mkono, akakata kona, boti ikarushwa na wimbi la kwanza, naye akatoka. Alianguka vizuri tu, kama mtu anayejitupa kitandani. Akaibuka. Niliona kichwa, niliona na mkono. Alikuwa anajua kuogelea, nilimfundisha mwenyewe. Hakuwa ameumia popote.

Boti ndiyo haikusimama. Usukani ulikuwa umebaki kwenye kona, injini inanguruma, hakuna wa kuizima. Ikaanza kuzunguka duara. Mara ya kwanza ilimpita mbali. Nikampigia kelele, "Zama! Randa, zama!" Sauti yote niliyokuwa nikimfokea nayo maisha yake yote niliitoa pale, na injini yangu ikaifunika. Mara ya pili alizama, ikampita juu, akaibuka. Mara ya tatu aliibuka mapema mno.

Iliendelea kuzunguka mpaka watu wa boti ya abiria walipoitupia kamba nene ikanasa kwenye propela.

Juzi, siku ya tisa baada ya mazishi, yule muuguzi alikuja hapa. Akakaa kwenye benchi la Randa, upande wa kushoto. Nilijua amekuja kunitukana, na nilitaka anitukane. Nilisimama nikamngoja aanze.

"Wifi," akasema. Wifi! Na harusi haikuwahi kuwepo. Akafungua mkoba akatoa paketi ya nailoni, haijafunguliwa. Ndani kuna kamba nyekundu iliyojikunja, na mwisho wake kibanio.

"Kule kwetu kuna duka wanaziuza," akasema. "Aliniagiza wiki moja kabla. Siku ile nilikuwa nayo mkobani."

Nilikaa chini. Sikumbuki nilikaa juu ya nini.

"Mbona hakuniambia mimi?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema ataifunga mwenyewe Jumapili, ukiwa umelala mchana." Akaniwekea paketi mkononi. "Alisema, 'Dada amehangaika miezi mitatu na hii injini ili nisimwache. Nikimwambia kuna kitu kimebaki, atadhani simwamini.'"

Kumbe alijua. Mimi sikuwahi kumwambia asihame, hata siku moja, na kumbe alijua.

Alipoondoka niliingia ndani ya boti, ipo hapo nje, imefunikwa turubai. Nikatoa utepe, nikatenganisha zile nyaya, nikazirudisha kwenye swichi, nikachomeka kibanio. Kimekaa sawasawa. Kazi ya dakika kumi.

Ningemfokea, ndiyo. Angeniambia, ningemfokea, ningetupa spana chini, ningemwita kila jina ninalolijua. Halafu ningeifunga ile kamba. Siku zote nafoka, halafu nafanya. Nani alikuwa anajua hilo kuliko yeye? Angengoja tu nimalize, kama alivyokuwa akingoja siku zote.