Mteja Aliyeridhika na Dungu

Miezi mitano nimewafundisha vijana tisa wa Ifakara kutengeneza programu za simu kwa hatua fupifupi: tengeneza kidogo, mwonyeshe mteja, akosoe, rekebisha. Ijumaa ile alikuja Rosemery, mkaguzi wa mradi. Akiridhika, darasa linaendelea. Asiporidhika, tunafunga.

Nikaandaa mchezo wa kumwonyesha hatua hizo. Vijana wajenge dungu dogo la vijiti na kamba za mgomba, mfano wa lile tunalokalia kuamia ndege mashambani, liweze kubeba kilo ya mchele. Raundi tatu, dakika tano kila moja. Mteja nilimtafuta mwenyewe: mzee Pantaleo, mkulima wa Mchombe, mjenzi wa madungu tangu sijazaliwa.

"Mzee, ukiona kasoro, sema," nilimsihi. "Hiyo ndiyo kazi yako leo."

"Nimekuelewa, mwalimu."

Amenielewa! Raundi ya kwanza Mbuke, kiongozi wa kundi, alipiga goti, akamwamkia shikamoo, akampa dungu. Mzee akaligeuzageuza. "Hongereni, wanangu. Zuri sana." Raundi ya pili: "Mungu awabariki." Watu wameshasifiwa, warekebishe nini? Wakaongeza bendera ya karatasi. Nilimkodolea mzee macho hadi yakaniuma, naye akanitabasamia. Rosemery alikuwa anaandika tu.

Raundi ya tatu Mbuke akapandisha mchele. Dungu likalala chali, mchele ukatapakaa sakafuni.

Nilimvuta mzee nje, hasira zimenipanda.

"Hukuona?"

"Niliona. Nguzo moja fupi, tangu mwanzo."

"Sasa mbona hukusema?"

"Mbele ya mgeni, mwalimu? Niwaaibishe watoto wako?"

Mchelea mwana kulia hulia yeye, lakini siku ile mzee alichelea, nikalia mimi.

Tuliporudi ndani, Rosemery alishafunga daftari. Akasema kwa upole kwamba vijana wamejenga kitu kilekile mara tatu, hawajajifunza lolote, darasa lifungwe mwisho wa mwezi. Mbuke alikuwa bado anaokota mchele, punje kwa punje, hainui uso.

Amekosea. Vijana hawa wakiambiwa ukweli wanarekebisha; kosa ni la mchezo wangu. Maneno yote nilikuwa nayo.

"Mwalimu, una maoni?" akaniuliza. "Kuwa huru, nikosoe tu."

Mzee Pantaleo alinitazama. Vijana wote tisa walinitazama.

"Hapana, mama," nikasema. "Tunashukuru sana kwa kututembelea."

Kisha nikawaambia vijana wampigie makofi.