Mwandishi wa Tasnifu Arobaini na Tatu

Saa mbili kasorobo asubuhi Mama Chapa alikuwa ukurasa wa sitini na moja wa magonjwa ya kuku. Jana yake alikuwa kwenye madaraja ya zege, juzi kwenye sheria za mirathi. Vidole vilikwenda vyenyewe. Herufi zilishafutika kwenye vitufe siku nyingi, na mteja mjuaji aliyetaka kujiandikia mwenyewe alikuwa hamalizi mstari. Kibanda chake cha mabati kiliegemea ukuta wa chuo kikuu, hatua chache kutoka geti kubwa. Ndani mlikuwa na kompyuta moja, printa moja inayotaka kofi kila baada ya kurasa kumi, na benchi ambalo halijawahi kuwa tupu tangu chuo kijitangaze kuwa cha kidijitali.

Hapo ndipo pa kucheka. Chuo kilinunua kompyuta sitini, kikazijengea na maabara. Zipo, zimepangwa mistari, zingali ndani ya nailoni zake, na mlango una kufuli. Mwaka wa pili huu zinamsubiri mgeni rasmi aje kukata utepe, na mgeni rasmi ana shughuli nyingi. Basi wanafunzi wanaandika kwa kalamu, wanamletea Mama Chapa, anawapigia chapa, wanaondoka na flashi zao mfukoni. Makabrasha ya chuo yalisifu mapinduzi ya teknolojia, na mapinduzi yenyewe yalikuwa vidole kumi vya mama mmoja aliyeishia darasa la saba.

"Mama Chapa! Acha kuku hao, njoo uone maajabu."

Alikuwa Kamanda, mlinzi wa geti kubwa, kofia mkononi na jasho usoni. Huyu kwa miaka sita alikuwa mlinzi wa chuo na mwanafunzi wa chuo hichohicho. Akitoka zamu anavua sare, anaingia darasani. Darasa likiisha anaivaa tena, anawapigia saluti walimu waliokuwa wakimfundisha nusu saa iliyopita. Tasnifu yake ilihusu maji ya mvua yanayomwagika bure kutoka kwenye mapaa ya majengo ya umma. Alikuwa na haki ya kuandika juu ya maji hayo, maana yalikuwa yanamnyeshea yeye.

Akamwekea simu mbele ya macho. Kioo kilikuwa chekundu.

KAZI IMEKATALIWA. MWANDISHI HALISI: MAMA CHAPA.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, mama. Nimeambiwa mimi sijaandika kitu. Umeandika wewe."

"Ebo! Mimi na mapaa wapi na wapi?"

"Hiyo ni kazi ya Jicho."

Jicho ulikuwa mfumo mpya wa kukamata wanaonunua tasnifu. Ulikuwa umewashwa Jumatatu, kwa hotuba tatu na keki. Kamanda alieleza huku ameshika kiuno: kumbe kila waraka unaotoka kwenye kompyuta huwa umebeba ndani yake jina la mwenye kompyuta. Jicho linalisoma hilo jina, basi. Wanafunzi arobaini na tatu wa mwaka wa mwisho walipigiwa chapa hapa, na wote arobaini na tatu wamekutwa na mwandishi mmoja.

Mama Chapa akakumbuka. Fundi aliyemuuzia kompyuta alimuuliza aandike jina gani, naye akajibu kwa mikogo, "Andika Mama Chapa," akidhani ni kama kuandika jina kwenye ndoo ili isichukuliwe bombani. Roho ikamuuma kwelikweli.

"Si nibadilishe tu jina, upakie tena?"

"Wenzangu wamejaribu. Likishakusoma mara moja limekusoma. Hata ukiinakili kwenye kompyuta ya rais, linasema maneno haya nayajua, ni ya Mama Chapa."

"Na mwisho lini?"

"Leo. Saa kumi jioni."

Wala hapakuwa na mwakani. Kozi ya Kamanda ilikuwa imefutwa, darasa lake ndilo la mwisho, na kwenye nafasi yake inaletwa kozi ya akili bandia. Atakayekosa leo, miaka yake sita imekwenda na maji. Mama Chapa alimtazama mtu mzima yule mwenye mvi mbili tatu kidevuni, akaona midomo inamcheza kama ya mtoto anayezuia kilio.

Hawajakaa vizuri, tarishi wa chuo akaingia na barua. Mama Chapa anatakiwa mbele ya Kamati ya Uadilifu wa Kidijitali, saa nane kamili mchana, ajieleze kwa nini amewatungia watahiniwa arobaini na tatu tasnifu zao.

"Vizuri," akasema, akachomoa waya wa printa. "Nakwenda. Na wewe kalete madaftari yako yote."

Chumba cha kamati kilikuwa na baridi ya kiyoyozi na chupa za maji zilizopangwa kama askari. Wajumbe walikuwa watatu. Mkurugenzi wa Mifumo, kijana wa suti ya kubana, alikuwa na kompyuta bapa mkononi na muda wote anaipapasa kama anaikanda. Mwanasheria wa chuo alikuwa mzee wa miwani, amechoka kabla kikao hakijaanza. Wa tatu alikuwa Katibu, mama mnene mpole aliyekuja na kalamu.

Mkurugenzi akabonyeza, ukutani pakatokea duara kubwa jekundu lililoandikwa MAMA CHAPA, na vidoa arobaini na tatu vikilizunguka.

"Mama," akaanza, "huu tunauita mtandao wa uhalifu wa kitaaluma. Wewe uko katikati."

"Naona. Mmenichora mnene."

Katibu aliinamia karatasi yake. Mkurugenzi hakucheka. Watu wa aina yake hawacheki mpaka wasome kwanza kama inaruhusiwa.

"Umeandika tasnifu za uhandisi, sheria, mifugo, uuguzi na uchumi. Unakubali?"

"Nimezipiga chapa, baba. Mtu analeta daftari, mimi napiga. Ningekuwa na akili za uhandisi, sheria na uuguzi, ningekuwa nimekaa kwenye kiti chako hapo napigwa kiyoyozi."

"Jicho linasema mwandishi ni wewe. Usahihi wake ni asilimia tisini na tisa."

"Basi mimi ndiye hiyo asilimia moja."

Kamanda akasogea, akaweka mezani madaftari saba makubwa. Yalikuwa yamevimba kwa kunyeshewa, yana wino wa bluu na mweusi, mistari iliyokatwa, michoro ya mifereji, na mwisho wa kila sura saini ya msimamizi wake na tarehe. Mwanasheria akavuta moja, akafunua, akasoma. Akafunua tena. Uso ukaanza kumlainika.

"Mkurugenzi, hii ni kazi ya huyu bwana," akasema. "Hata kipofu anaona. Na hizi saini za daktari wetu aliyemsimamia."

"Sikatai, mwanasheria. Ila Jicho halisomi daftari."

"Lakini sisi tunasoma."

"Sisi tukianza kusoma," Mkurugenzi akasema, tena kwa upole wa kumweleza mtoto, "mfumo ulinunuliwa wa nini?"

Lo! Mama Chapa aliwahi kusikia upuuzi mwingi maishani, na mwingine aliupiga chapa yeye mwenyewe nakala tatu tatu, lakini huu ulikuja umevaa tai. Akapandwa na hasira mpaka masikio yakamwaka.

"Hawa watoto wangepigia wapi chapa?" akauliza. "Nionyeshe hiyo kompyuta yenu ambayo haijavaa nailoni."

"Maabara itazinduliwa."

"Lini?"

"Suala la uzinduzi haliko kwenye ajenda."

Mwanasheria alitazama saa ya ukutani, akatazama daftari, akatazama mlango. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi. Alikuwa na mwaka mmoja kufikia kustaafu. Akalifunga daftari taratibu, akalirudisha juu ya mengine, akavua miwani na kuanza kuifuta, na Mama Chapa akajua huyo naye ameshakwenda zake.

Mkurugenzi akasoma uamuzi kutoka kwenye karatasi aliyoichomoa mfukoni, kwa hiyo ulikuwa umeandikwa kabla hawajaitwa. Tasnifu zote arobaini na tatu zimefutwa. Watahiniwa wataanza upya mwakani katika kozi zitakazokuwepo. Kibanda cha Mama Chapa kiondolewe ukutani ndani ya siku saba.

"Katibu, uandike rasmi kwenye fomu ya maamuzi, tuupakie kabla ya saa kumi wapate taarifa."

Katibu akakohoa. "Mkurugenzi, kompyuta yangu imejifunga tangu Jumatatu. Jicho linataka namba ya siri, na namba inakwenda kwenye simu ya katibu aliyestaafu."

"Mpigieni."

"Yuko shamba. Hapokei."

"Na hiyo yako?" Mwanasheria akamuuliza Mkurugenzi, akionyesha ile kompyuta bapa.

"Hii ni ya kuonyeshea na kupakia tu. Fomu haijaziki humu."

Kiyoyozi kinanguruma. Polepole, kwa aibu kidogo (Katibu) na bila aibu hata chembe (Mkurugenzi), macho yote yakamgeukia mshtakiwa.

"Mama," Mkurugenzi akasema, "ile mashine yako iko wazi?"

Kamanda alimfuata hadi kibandani, akasimama mlangoni akiwa amekumbatia madaftari yake. Mama Chapa akawasha kompyuta, akaweka flashi aliyopewa na Katibu, yenye fomu, na karatasi ya uamuzi akaiegemeza kwenye printa.

"Mama, unawapigia kweli?"

"Kazi ni kazi."

"Badilisha. Andika tumeshinda. Nani atajua? Wale wenyewe hawasomi."

Vidole vikasita juu ya vitufe. Alifikiri, na asiseme mtu kwamba hakufikiri. Neno moja tu, zimekubaliwa badala ya zimefutwa, na mtu huyu angetoboa. Lakini miaka yote hiyo watu walimwachia wosia, mikataba na barua za mapenzi, na hajawahi kumgeuzia mtu hata neno. Akifanya hivyo leo, watakuwa wamesema kweli.

"Siwezi, mwanangu. Nikiwaandikia cha kwangu, nitakuwa ndiye huyo wanayemsema."

Kamanda akageuza uso, akatazama barabara. Mama Chapa akapiga, neno kwa neno, mpaka ile sentensi ya kumfukuza yeye mwenyewe. Akaipiga safi, akaikagua mara mbili, akatoa nakala moja, printa akaizaba kofi lake.

Saa tisa na dakika thelathini na tano walikuwa wamerudi kwenye baridi. Mkurugenzi alichomeka flashi, akabonyeza, na ukutani, mbele ya kamati nzima, pakawa pekundu.

KAZI IMEKATALIWA. MWANDISHI HALISI: MAMA CHAPA.

Mwanasheria akatoa sauti ya ajabu puani, Katibu akafunika mdomo kwa kitenge, na Kamanda akaanza kutabasamu, tabasamu lililopanda mpaka machoni, maana lo, sasa wameona wenyewe! Kitu kimejionyesha chenyewe ukutani, hata cha kueleza hakuna. Mama Chapa naye alihisi moyo umekuwa mwepesi ghafla.

"Haya, baba," akasema, "hata hukumu yenu nimeitunga mimi."

Mkurugenzi hakubadilika rangi. Akapeleka kidole pembeni ya kioo, kwenye kitufe kidogo cha kijivu kilichoandikwa MSAMAHA WA UONGOZI, akakigusa. Ukuta ukawa wa kijani.

"Nyaraka za uongozi zina utaratibu wake," akasema.

Kamanda alikuwa bado na lile tabasamu, limesahaulika usoni.

"Mkuu," akasema taratibu, "kumbe kinabonyezwa tu. Nibonyezee na mimi. Zimebaki dakika ishirini. Nakuomba."

"Hicho ni cha uongozi."

"Najua, mkuu. Mara moja tu. Madaftari haya hapa, mzee mwenyewe ameyasoma."

"Wewe si uongozi, Kamanda. Uelewe."

Mwanasheria akaisukuma ile nakala mbele ya Mama Chapa bila kumtazama usoni. "Mama, saini hapo kwamba umepokea."

Mama Chapa aliichukua kalamu. Akaiweka chini. Akaichukua karatasi, akaiinua ili wote watatu waione vizuri.

"Jicho lenu limesema mwandishi halisi wa hii ni mimi. Asilimia tisini na tisa, si ndiyo? Na mnasema halikosei." Akaikunja mara mbili. "Basi mimi mwandishi nimebadili mawazo."

Akaichana. Akachana na vipande vyake, polepole, bila kelele, akavipanga mezani mbele ya Mkurugenzi, kila kipande kwenye mstari wake. Katibu aliacha kalamu. Kwa mara ya kwanza siku ile yule kijana wa suti hakuwa na la kupapasa.

Kisha mfuko wa Kamanda ukatetemeka.

Akatoa simu, akaitazama. Nje kwenye korido simu nyingine ikalia, halafu ya tatu, na chini uwanjani mtu akapiga ukelele.

"Ni taarifa yao," Kamanda akasema. "Imeshafika."

Akaizima. Akayakusanya madaftari yake saba, akayapanga makubwa chini, madogo juu, akayatia kwapani. Saa ya ukutani ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi na moja. Akamwinamia Mama Chapa kidogo, akavaa kofia, akatoka kwenda getini, maana zamu yake ilikuwa inaanza saa kumi.