Wiki Kumi Bila Kukanyaga

Mume wangu, aliyenitoka mwaka jana, alikuwa fundi viatu. Mguu wangu wa kulia aliujua kuliko nilivyoujua mimi. Mifupa ya katikati ilikuwa imeporomoka, unyayo umelala chini kama chapati, na kila kiatu changu alikiongezea soli upande wa ndani. Miaka ilivyokwenda, hata soli zake hazikunifaa tena.

Daktari alinikata kipande cha mfupa nyongani, akakipachika katikati ya unyayo, akakikaza kwa skrubu. Akatuonya: "Wiki kumi asikanyage. Akikanyaga, mfupa hautashika, na mara ya pili siahidi kitu."

"Huyu?" mume wangu akasema. "Huyu hata kula hula amesimama."

Tulipofika nyumbani alipaka rangi nyeusi ya viatu chini ya plasta ngumu niliyofungwa mguuni. "Nenda utakako, bibie. Sakafu itaniambia."

"Kwani mimi mwizi?"

"Mwizi ana nafuu, huchagua siku."

Wiki ya tatu mvua ilinikuta peke yangu, nguo ziko kambani, magongo yako chumbani. Nikakanyaga. Hatua sita kwenda, sita kurudi. Nikapiga deki nimekaa chini, mpaka sakafu ikang'aa. Jioni akauinua mguu, akatazama: rangi imekwisha. Hakugomba. Afadhali angegomba. Alikaa tu ameushika.

Kesho yake alihamishia kazi sebuleni: nyundo, gundi, kigoda, na viatu vya mtaa mzima.

"Mzee, harufu hii itaniua."

"Kufa, ila ufe umekaa."

Basi nikakaa. Nikitaka maji, ananiletea. Mgongo ukiwasha, ananikuna kwa mpini wa brashi, wateja wanacheka. Lakini kila jioni aliuliza kama panauma, na wote wawili tulijua anaulizia zile hatua kumi na mbili.

Wiki ya kumi daktari alikata plasta, akaweka picha ya eksirei kwenye mwanga. Aliikagua, akaigeuza, akaikagua tena, hata mume wangu akavua kofia.

"Umeshika," akasema. "Mama, simama."

Nikasimama. Mume wangu alipiga magoti, akapitisha kidole chini ya unyayo wangu, pale palipolala tangu anioe. Kidole kikapita. Akamwomba daktari karatasi na kalamu.

"Za nini, fundi?"

"Niuchore. Huu mguu siujui."