Siku Bi Mwanasiti Alipozimwa

Ijumaa asubuhi, kabla hajamaliza chai, Mzee Mselem alitoa hukumu mbili katika ua wake wa malori pale Tanga. Ya kwanza ilimhusu Rahimu, dereva wake kwa miaka tisa: aendeshe lori lenye taa nyekundu ya breki inayowaka, au aache funguo mezani aende zake. Ya pili ilimhusu Zuwena, fundi umeme: achomoe balbu ya hiyo taa, ili isiendelee kumtisha dereva.

Zuwena aliipokea hukumu yake kwa unyenyekevu mkubwa, mikono nyuma, kidevu juu, kama yuko paredi. Kisha akasema hapana.

"Hapana nini?"

"Shikamoo kwanza, mzee, nilisahau. Na hapana, sichomoi."

"Marahaba. Utachomoa."

Lori lenyewe lilikuwa na tela refu la kubebea saruji mpaka Korogwe. Chini ya tumbo la tela kuna kisanduku ambacho mafundi hukiita moduli, na kazi yake ni kuzuia magurudumu yasigande dereva anapokanyaga breki ghafla. Moduli isipopata umeme wa kutosha hususa kazi, na taa nyekundu huwaka mbele ya dereva. Wiki iliyopita, Muheza, mvua ikinyesha, Rahimu alikanyaga breki kuwapisha watoto wa shule. Tela likapiga mkia mpaka upande wa pili wa barabara. Watoto walishangilia wakidhani ni mbwembwe. Rahimu alishuka akatapika. Tangu siku hiyo ameapa hagusi usukani mpaka taa izimike yenyewe.

"Moduli ni mpya," alisema Fanueli, fundi mkuu, Msambaa mwenye sauti ya mhubiri. "Ya tatu tangu Ramadhani. Mashine ya kupimia hitilafu inasema volti ndogo, lakini mimi nimepima. Umeme upo. Ishirini na nne kamili."

"Umepimia wapi, kaka Fanueli?"

"Kwenye kichwa cha lori."

"Kebo ya tela ikiwa imechomekwa?"

Fanueli akaangalia viatu vyake. "Imechomolewa."

"Basi mgonjwa yuko wodini, wewe umempima homa jirani yake."

Mzee Mselem aliweka kikombe chini. "Mna mpaka adhana ya adhuhuri. Taa isipozimika, wewe na dereva wako mlango mnaujua."

Zuwena alitandika boksi la karatasi, akaingia chini ya tela na mita yake. "Rahimu, fungua swichi!"

Rahimu akafungua. Na huko nyuma ya tela, kama kawaida swichi inapofunguliwa, likawaka jina: BI MWANASITI, kwa balbu za kijani na nyekundu, kila herufi kubwa kama kitoto cha mbuzi, na taji juu yake.

Bi Mwanasiti ni mama yake Mzee Mselem. Anaishi Moa, mzima wa afya, analima muhogo wake mwenyewe na hataki msaada. Mwanawe alizifunga zile balbu sitini kwa mikono yake, ziwake mchana na usiku, watu wajue huyu ni mtoto wa nani. Pale uani jina lile huoshwa kwanza kabla ya kioo cha dereva. Na hakuna aliyethubutu kulizima. Kuzima jina la mama aliye hai, alisema Mzee Mselem, ni kumwombea mabaya. Mafundi wote, Waislamu kwa Wakristo, walikubaliana naye bila mjadala.

Mita ilisoma kumi na saba.

"Kumi na saba!" Zuwena alipiga kelele.

"Ndiyo nini hiyo?" Rahimu aliuliza kutoka juu.

"Ndiyo njaa! Umeme umetoka kwenye betri ishirini na nne, umefika huku kumi na saba. Saba zimeliwa njiani."

Alianza na waya wa hasi, maana chumvi ya Tanga hula kila kitu. Akakwangua, akakaza, akapima. Kumi na saba vilevile. Akarudi kwenye waya mnene wa chanya, akaufuata kwa vidole taratibu kutoka kwenye plagi kwenda nyuma, hadi akagusa donge la tepu nyeusi, nene kama muhogo. Ndani ya donge waya uligawanyika. Mmoja ulikwenda kwenye moduli. Wa pili ulikwenda nyuma, kwa Bi Mwanasiti.

Akatoa kichwa nje. Fanueli alikuwa anachunguza mawingu.

"Kaka Fanueli, ulijua."

"Dada, nina watoto wanne," Fanueli alinong'ona. "Kila nikifika kwenye hiyo tepu, narudi. Nabadilisha moduli."

"Mzee!" Zuwena aliita kwa sauti ya kusikika barabarani. "Njoo usome mwenyewe!"

Mzee Mselem alikuja, kanzu yake nyeupe ya Ijumaa ameishika kwa mkono mmoja, akainama. Akasoma kumi na saba. Zuwena akafungua tepu, akazitenganisha nyaya. Mita ikapanda mpaka ishirini na nne. Nyuma ya tela jina likazimika.

Aliyekuwa anaosha lori la jirani aliacha mpira ukimwaga maji uani. Mtu akasema, "Astaghfirullah."

"Umemzima mama yangu," alisema Mzee Mselem polepole.

"Nimezima balbu sitini, mzee. Mama yuko Moa anapalilia."

"Unganisha."

"Siunganishi."

"Zuwena!"

"Abee. Siunganishi. Tepu hii hapa, plaizi hii hapa. Unganisha mwenyewe kama ulivyounganisha mwanzo, kisha panda uendeshe wewe. Upite Muheza saa ya watoto kutoka shule. Na mvua ile pale inakuja."

Rahimu akashuka, akaziweka funguo juu ya ngazi ya lori. "Kiti ni chako, mzee."

Kiburi cha Mzee Mselem hakikuwa cha kuazima. Aliingia chini, akaunganisha, jina likawaka. Akapanda, akawasha injini, akalizungusha lori uani kwa kasi isiyo ya lazima, taa nyekundu ikimwakia usoni. Alipofika penye maji yaliyomwagika akakanyaga breki. Magurudumu ya tela yaliganda palepale, tela likateleza kando, mkia ukaelekea ukutani. Fanueli, aliyekuwa amesimama huko, alionekana juu ya pipa la oili, na hadi leo hajui alipandaje.

Tela lilisimama kabla ya ukuta, umbali wa mkono mmoja.

Mzee Mselem akavuta breki ya mkono. Adhana ikaanza. Akashuka bila kumwangalia mtu, akapiga magoti, akatambaa chini ya tela na kanzu yake. Jina likazimika. Alipotoka, kanzu ilikuwa na oili kuanzia kifuani hadi magotini.

"Mama akiniuliza?"

"Mwambie ni Zuwena wa Ngamiani. Nitamjibu mwenyewe. Ukitaka awake tena, nitamvutia waya wake peke yake, na balbu zisizo na tamaa. Lakini si kwenye waya wa breki."

Rahimu alipanda, akalisogeza lori. Taa nyekundu iliwaka kidogo, magurudumu yalipozunguka ikazimika, na haikurudi hata alipokanyaga breki kwenye maji yale yale. Akapiga honi mara moja, akatoka getini.

"Na wewe," alisema Mzee Mselem, "kesho usije."

"Nakuja, mzee, asubuhi na mapema. Kuna matela mawili bado. Yale yenye majina ya wake zako."

Mzee Mselem aliyatazama matela mawili pembeni ya ua, akamtazama Zuwena, kisha akaenda kubadilisha kanzu.