Kipande Namba C13

Jumamosi saa nne asubuhi, Kinue Mochizuki aliingia duka la Shimura, mjini Shizuoka, kununua roboti yake ya kwanza ya plastiki. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, na thelathini na mmoja kati ya hiyo aliimalizia kwenye mashine za kiwanda kinachotengeneza roboti hizo hizo. Kuunda, hakuwahi kuunda hata moja.

"Nipe ile kubwa, yenye mabawa," alisema.

"Mama, hiyo itakutoa machozi," alisema Shimura. "Anza na hii ndogo. Haitaki gundi wala rangi, vipande vinabanana vyenyewe: pachi! Na usivikate vyote kwa mpigo. Namba ziko kwenye fremu inayoshikilia vipande, si kwenye kipande. Ukishavichanganya, utaweka goti mahali pa bega."

"Fremu unanifundisha mimi? Nimezitoa kwenye mashine wewe hujazaliwa."

"Kuzitoa ni kuzitoa, mama. Kuunda ni kuunda."

Mkono wake wa kulia haukuwa na kidole cha shahada. Mashine ilikikata miaka kumi na miwili nyuma, zamu ya mchana, watu sita wakitazama. Daftari la kiwanda likaandikwa kwamba alijikata nyumbani kwake akimenya figili. Jamani, figili Kinue hata hamenyi. Huikuna pamoja na ganda lake. Alitaka kitu kimoja tu kabla hajafa: mstari ule ufutwe.

Nyumbani alifungua boksi, akatandaza fremu mezani. Kwenye fremu C, baada ya kipande cha kumi na mbili, kilikuwepo cha kumi na tatu: kidole cha kijivu, chenye ukucha. Alitazama karatasi ya maelekezo, ilikomea C12. Akanywa chai kwanza. Kisha akakikata mara mbili kama wafanyavyo wenyewe, kwanza mbali, halafu karibu, akapitisha msasa, akakibana mkononi, pale pa kile cha zamani. Pachi. Kikakunjika. Kilikuwa na ubaridi kidogo, baadaye kikapata joto, na kufikia jioni roboti ilikuwa imesimama kwa miguu yake.

Jumatatu alikwenda kiwandani. Terada, kijana wa kupokea malalamiko, alikishika kidole kwa mikono miwili.

"Umekisafisha vizuri, mama. Alama ya kukatia haionekani kabisa."

"Nimekuja mfute ile figili."

"Aa, daftari hilo lilishafungwa. Ila kipande kuzidi kwenye boksi, hilo ni kosa letu kubwa." Akainama mpaka paji la uso likakaribia meza.

Hasira zilimpanda Kinue mpaka masikioni. Aligonga meza, na kidole kipya ndicho kilichogonga.

Wiki iliyofuata ilimfikia barua ya kuomba radhi, yenye mihuri mitatu, pamoja na vitamu vya maharage na boksi jipya. Walisikitika sana kwa kipande kilichozidi. Mashine haikutajwa, wala figili.

Vitamu alivila, kwani vina kosa gani? Halafu akafungua boksi. Mwisho wa fremu B kilining'inia kidole gumba cha kushoto, kipana, chenye kovu la pasi. Alikijua papo hapo. Kilikuwa cha Fusae, aliyesimama mashine ya jirani yake kwa miaka tisa, na ambaye daftari lilidai alibanwa na mlango wa gari. Kinue akampigia simu.

"Fusae, gumba lako limefika kwangu."

"Lina rangi gani?"

"Kijivu."

"Afadhali. Niliogopa wataniletea la waridi."

"Acha utani. Njoo tulipachike, kesho twende wote kwa yule kijana. Kidole kimoja hakivunji chawa."

"Watainama tu, Kinue. Hawatafuta kitu."

"Wainame. Watatuletea maboksi mawili mengine, na kina Chiyo, waliokatwa kama sisi, bado hawajapata vidole vyao."