Pete ya Korongo

Machi ya mwaka hamsini na sita, Benedicta alimkuta korongo amekufa kwenye maharage yake, mguuni ana pete ya bati yenye namba. Mama wa watu nusura aruke kwa furaha. Didas wa jirani alirudi kutoka migodi ya Johanesibagi na kibati chenye namba mkononi. Huko kila mchimbaji ana namba yake. Na makorongo wiki ile walikuwa wakitokea kusini. Basi mwanawe Andendekisye, aliyekwenda migodi hiyohiyo, yu hai, na amemtumia namba yake.

Miaka saba kijana hakuandika hata mstari. Mara tatu Crispin, shemeji yake Benedicta, alimsihi waweke matanga, ukoo upumzike. Benedicta aligoma, na sababu yake ilikuwa moja tu: kule ni mbali. Barua hupotea, nauli haitoshi, mtu harudi kutoka Johanesibagi kama anayetoka Tukuyu.

Akashika njia kwa miguu mpaka Mbeya mjini, kwa Bwana Gulam mwenye duka, msomaji wa barua za watu. Gulam akasikiliza habari za mwanawe, akavaa miwani, akaigeuzageuza pete.

"Mama, hii si ya mgodini. Imeandikwa Denimaki, huko Ulaya. Wazungu wanawavisha ndege wajue wanafika wapi." Hapo akanogewa, wala hakumtazama mwenzake usoni. "Korongo hana mpinzani, mama. Maili elfu sita! Mabawa hapigi sana, anabebwa na hewa ya joto. Anavuka jangwa, anapita hapa kwetu, anafika hukohuko Johanesibagi."

"Halafu?"

"Halafu anarudi kwao."

"Baada ya miaka mingapi?"

"Kila mwaka, mama."

Benedicta akaomba maji. Akanywa, akashukuru, akaiacha pete juu ya meza ya duka.

Alipofika nyumbani alimwita Crispin, akamwambia pombe ya ulezi ipikwe, matanga yawekwe.

"Umepata habari za kifo, shemeji?"

"Nimepata."

Alidanganya, na alijua anadanganya. Lakini kama ndege huenda na kurudi kila mwaka, umbali haukuwa tena sababu. Mtoto aliyekufa angemlilia mbele za watu, wakamshika mikono. Aliye hai na hataki kurudi, angemlilia wapi?